Watu Tisa kwa Siku

Jumatatu, 3 Machi

Kamati imeanza kupitia mapendekezo ya bajeti ya huduma za jamii. Madiwani saba, mweka hazina, na mimi pembeni. Meza yangu ni ndogo, iko chini ya feni inayozunguka huku inanung'unika. Kazi yangu ni kuandika kumbukumbu za kikao. Siulizwi, sijibu. Nikikohoa natazamwa.

Siku ya kwanza kazini Karani Mkuu aliniambia: karani wa kamati ni kama kiti, watu wanakikalia, chenyewe hakisemi. Akacheka peke yake. Nilikumbuka kuwa niko kwenye muda wa majaribio, nami nikacheka. Bado miezi miwili uishe.

Leo tumefika Pendekezo la Saba. Kufunga kituo cha mchana cha wazee. Jengo lipewe idara ya maji, walezi wahamishwe. Sababu: mahudhurio hafifu. Mweka hazina alisoma bila kuinua macho — wastani wa watu tisa kwa siku.

Magodoro akadakia. (Ni diwani, anauza magodoro sokoni. Jina nimempa mimi, mwenyewe hajui.) Tisa! Dukani kwangu wanaoingia kuuliza bei na kuondoka ni wengi kuliko hao! Wote wakacheka. Mwenyekiti wetu, Mama Kengele, akagonga kengele yake ya mezani kuleta utulivu, lakini hata yeye mabega yalikuwa yanatikisika.

Niliandika: "Wajumbe walihoji tija ya kituo." Ndiyo kazi yangu hiyo, kugeuza kicheko kiwe sentensi.

Sikuandika kwamba ile tisa niliihesabu mimi. Desemba, wiki yangu ya pili kazini, Karani Mkuu alinibwagia mezani daftari za mahudhurio za kituo. Hesabu saini, gawanya kwa siku, nataka kabla ya saa sita. Saa tano na nusu nilikuwa nimemaliza. Nilisifiwa! Wepesi wa mkono, akasema.

Wala sikuandika kwamba kila asubuhi, kabla ya kuja hapa, nampeleka Baba kwenye kituo hicho hicho. Kazini hakuna anayejua. Karani mwenye ndugu kwenye jambo linalojadiliwa anaondolewa kwenye kamati, na wa majaribio akiondolewa harudi. Ndivyo nilivyosikia. Sikumuuliza aliyeniambia, na yeye alisikia wapi.

Nimefika nyumbani, Baba yuko dirishani. Kiharusi kilichukua mkono wake wa kulia na maneno yake yote isipokuwa moja — kumbe. Njaa, kumbe. Chai ya moto, kumbe! Nikichelewa, kuuumbe. Jioni hii nilipomnyooshea shuka alisema kumbe, polepole, kwa sauti ya chini. Nikamjibu ndiyo, Baba, hata mimi nimechoka.

Sijazungumza na mtu mwingine leo.


Jumanne, 4 Machi

Shangazi kapiga simu. Nilikuwa nimemdokezea habari za kituo. Kasema kikifungwa nimpeleke kaka yake kwake. Safari ya siku mbili! Eti utamwogesha baba mtu mzima mpaka lini, na huyo mume atakukuta wapi, nyuma ya ndoo? Akacheka, kisha akalia, kisha salio likamwishia. Ndivyo anavyoaga siku zote.

Nisisahau tulikotoka. Kabla hatujapata nafasi kituoni nilikuwa namfungia Baba ndani kwa kufuli. Uji kwenye chupa, redio imewashwa, mimi kazini kwangu kwa zamani nikijifanya mtu mwenye akili timamu. Siku moja nilimkuta sakafuni, shavu kwenye saruji, redio inasoma matangazo ya vifo. Hakulia. Alisema kumbe.

Kituo kikifungwa, ama niache kazi, ama Baba apande basi la siku mbili akaishi kwa dada yake bila mimi. Na nikiacha kazi — sentensi hii huwa siimalizi.


Alhamisi, 6 Machi

Ziara ya kamati. Mama Kengele alitangaza jana jioni, ghafla, ili kituo kisijiandae.

Asubuhi nilitaka kumwacha Baba nyumbani. Kufuli bado iko kwenye droo. Niliishika. Nikairudisha. Nikampeleka, nikamkalisha pembe ya mbali, nyuma ya nguzo, mgongo kwa mlango. Mlezi wa kituo akaniuliza, leo huko kwa nini, mzee wangu si anapenda dirishani? Nikasema jua kali. Lilikuwa wingu tupu.

Saa nne tukafika na gari la baraza. Ukumbi umejaa! Wazee kwenye viti vya plastiki, wazee kwenye mkeka wa mazoezi wakinyoosha miguu. Wawili wanagombana juu ya ubao wa drafti. Umekula kete yangu nikiwa chooni! Mwenzake bila kuinua uso: kwani huko chooni nilikutuma mimi? Bibi mmoja asiyeona alimshika Magodoro mkono wa salamu, akauminya minya, akauliza, huu laini hivi ni wa diwani au wa mtoto mchanga? Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Magodoro hakupenda. Akapita akihesabu vichwa kwa kidole, akafika thelathini, akamgeukia mlezi. Mama, hawa umewakusanya kwa ajili yetu, au? Mlezi akasema, Mheshimiwa, hawa ni wa kila siku. Mweka hazina akafungua faili: daftari lako linasema tisa, na daftari halina sababu ya kusema uongo. Mlezi akaanza, daftari ni saini tu, mheshimiwa, hao wengine — Mama Kengele akainua mkono. Ziara ni ya kuona, mjadala ni kwenye kikao.

Waliona. Watu thelathini wanapumua mbele yao, na wakaamini karatasi. Karatasi yangu.

Kisha tukapita karibu na nguzo.

Baba alikuwa amegeuza kiti. Kwa mkono mmoja, sijui aliwezaje. Aliponiona aliinua ule wa kushoto juu kabisa. Kumbe! Ile ya furaha, ambayo sijaisikia wiki nyingi. Kumbe, kumbe!

Diwani tunayemwita Mkunga alikuwa ubavuni mwangu. Amezalisha wodini maisha yake yote kabla ya siasa. Akaniuliza, anakufahamu, mwanangu?

Nikasema hapana, mheshimiwa. Labda amenifananisha.

Nimeandika hivyo hapa ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba nilisema kitu kingine. Nilisema hapana. Mkono wa Baba ulibaki juu kidogo, kama wa mtu aliyesahau alikuwa anataka nini. Kisha akaushusha, akauweka juu ya ule uliokufa.

Kwenye kumbukumbu nimeandika: "Wazee waliwapokea wajumbe kwa furaha."


Ijumaa, 7 Machi

Hajasema kumbe tangu jana. Nimempa chai ya moto makusudi. Amekunywa kimya.


Jumapili, 9 Machi

Nimemwogesha, nimemkata kucha, nimemnyoa. Ananiachia mwili kama mtu anayemwachia kinyozi asiyemjua. Nilimwomba msamaha nikiwa nimepiga magoti, beseni kati yetu. Alitazama maji.

Baba alikuwa mchora mabango. Duka la dawa kule kona, ubao wa shule, cherehani inayotabasamu kwenye ukuta wa fundi — mkono wake huo. Nikiwa mdogo nilimshikia mkebe wa rangi. Aliniambia herufi ni kama mtu, ukiiharakisha inakununia. Nilisoma mpaka chuo kikuu, na sijapata somo lililozidi hilo. Desemba nilimaliza saa tano na nusu.

Nimekaa naye dirishani mchana kutwa. Jirani kapita, kasema nyie mnapendana kweli, mnakaa kimya kama picha. Nikatabasamu. Upweke wa watu wawili hauonekani kutoka barabarani.

Kuna kitu kinanisumbua. Mlezi alitaka kusema nini? "Daftari ni saini tu, hao wengine —" Wengine nini?


Jumatatu, 10 Machi

Nimejua.

Asubuhi nilimuuliza mlezi mlangoni. Akanitazama kama aliyeulizwa njia ya kwenda mahali anaposimama. Alisema zamani alikuwa akiwasainia wasioweza. Mkaguzi akaja, akamkaripia: mtu hasainiwi, ajisainie. Akaomba pedi ya wino wapige dole gumba. Ile ya zamani ilikauka ikapasuka. Ameandika barua mara tatu. Basi, wasioweza kushika kalamu anawaandika kwa penseli kurasa za nyuma za daftari, wasije wakapotea. Nikipata wino, akasema, nitawarudisha mbele.

Nikaingia ofisini sijavua hata mkoba. Daftari ziko kwenye kabati langu, tangu Desemba hazijatoka. Nikazifungua kwa nyuma.

Wako pale. Penseli nyembamba, mwandiko wa mtu anayejua kwamba karatasi haitoshi. Wenye kiharusi, wasioona, wanaotetemeka, ambao hawakuwahi kwenda shule. Siku baada ya siku. Nimehesabu mara tatu, polepole, kwa kidole. Wastani si tisa. Ni thelathini na moja.

Na Baba yumo. Alianza Oktoba. Jina lake limo kila siku ya kazi. Nilipewa daftari lenye jina la baba yangu mzazi, nikalipitia lote, na sikumtafuta! Ukweli wenyewe ni mbaya zaidi — niliogopa kuliona, ndiyo maana nilienda mbio. Ningekuwa binti wa kawaida ningetaka kuona jina la baba yangu limeandikwaje. Ningeuliza liko wapi.

Barua tatu za kuomba wino nazo nimezikuta. Zimegongwa muhuri wa kupokelewa. Zimepangwa vizuri sana.

Saa nane nikaenda kwa Karani Mkuu. Nilimweleza hesabu, sikumweleza Baba. Alisikiliza huku anapangusa miwani. Muda wa kupokea maelezo umefungwa Februari, akasema. Sasa kitu kinaingia kupitia mjumbe tu, siyo karani. Halafu, binti, fikiria — ukisema namba si sahihi, watauliza nani alihesabu. Nikasema mimi. Akasema, na nani aliipitisha bila kuangalia? Akavaa miwani. Mbona ulikuwa unaenda vizuri?


Jumatano, 12 Machi

Kumbukumbu za kikao cha tarehe tatu ziko tayari kwenye kompyuta. Tarehe kumi na nane zitathibitishwa, kisha kura inapigwa siku hiyo hiyo. Mwenyekiti atataja ukurasa mmoja mmoja, wajumbe watasema kama wana marekebisho. Karani anaruhusiwa kurekebisha kabla ya hapo kitu kimoja tu: makosa ya uchapaji.

Ukurasa wa nne, mstari wa sita. "Wastani wa watu tisa kwa siku."

Nilifuta tisa. Nikaandika thelathini na moja. Nikaegemea nyuma nikaitazama. Ilipendeza! Hakuna ambaye angegundua, wanasoma kurasa hizo wakitafuta majina yao. Pendekezo lingekosa miguu. Baba angebaki dirishani pake, mimi mezani pangu, na pasingekuwa na mtu wa kuniuliza lolote.

Nilikaa hivyo mpaka mfagizi akaniambia dada, inua miguu.

Nikarudisha tisa. Tisa ilisemwa, na kumbukumbu ni za kilichosemwa. Lakini sababu si hiyo pekee. Nikiwarudisha wale watu kimya kimya, gizani, bila kusema nani aliwafuta, nitakuwa nimemwambia Baba hapana kwa mara ya pili.

Nimeandika maneno makubwa. Kesho nitayaonea aibu.


Ijumaa, 14 Machi

Mkunga amenikuta kwenye chumba cha chai. Tulikuwa wawili tu. Alikoroga sukari muda mrefu kuliko sukari yenyewe.

Mwanangu, akasema, nimepokea watoto wengi kwa mikono hii. Mtoto akitoka, kabla hajapanguswa, nishajua kama anafanana na baba yake. Yule mzee wa kwenye nguzo ana kipaji cha uso chako.

Nikafungua mdomo. Nikasema chai inapoa, mheshimiwa.

Hakukasirika. Mimi sisemi nisichokijua, akasema. Ajuaye ndiye aseme. Akachukua kikombe chake akaondoka.

Ningeweza kumkimbilia. Ningempa karatasi, angeisoma yeye kwa sauti yake ya wodini, nami ningebaki kiti. Nilifika mpaka kwenye ngazi. Nikasikia viatu vyake chini, tako, tako, tako, mlango, basi.

Sina mtu wa kumuuliza. Niliosoma nao wametawanyika, kila mmoja na picha za harusi yake. Shangazi atasema kazi hairudi, baba unaye tu. Kabla ya kiharusi ningemuuliza Baba. Angesema kitu kifupi huku anachovya brashi.


Jumatatu, 17 Machi

Jioni nilipomfuata Baba, mlezi alinivuta kando akanipa karatasi nne. Zimejaa mistari. Mwanzoni nilidhani ni michoro ya mtoto.

Ni jina lake. Mkono wa kushoto. Karatasi ya kwanza kamba tupu zilizovurugika, ya pili kuna kitu kama herufi, ya nne linasomeka. Limepinda, linapanda mlima, lakini linasomeka.

Mlezi alisema tangu siku ya ziara anaandika kutwa nzima. Hagusi drafti, haendi dirishani. Ile siku alisikia daftari linahesabu saini. Hasemi, dada, lakini masikio anayo. Leo amesaini.

Akanionyesha. Mbele, siyo nyuma. Kwa kalamu ya wino. Saini ya kumi ya siku, kubwa, imekanyaga mistari mitatu.

Nikageuka. Baba alikuwa ananitazama. Nilidhani sasa atasema. Hakusema. Aliinua ule mkono wa kushoto kidogo tu, kwenye goti, kama mtu anayepima kama ataitikiwa.

Nikauinua wangu. Mlezi akajifanya anatafuta funguo.


Jumanne, 18 Machi

Saa tatu kasoro. Nimemfunga Baba viatu nikamwambia yote. Kwamba nilihesabu vibaya. Kwamba leo huenda nikarudi sina kazi, na Shangazi akashinda. Alinishika sikio. Alikuwa akinishika hivyo nilipomwaga rangi. Kisha akaliachia, akaelekeza mlango. Tutachelewa.

Saa nne na dakika kumi. Kikaoni. Naandika hapa chini ya faili, herufi ndogo. Feni inanung'unika. Karani Mkuu naye kaja leo, kaketi ukutani mikono kifuani. Haji kamwe.

Daftari tatu ziko chini ya kiti changu, ndani ya mfuko wa sokoni. Karatasi nne za Baba ziko juu yake.

Magodoro anamwambia mweka hazina leo tumalize mapema, kuna mzigo unashushwa dukani. Mama Kengele kagonga kengele. Kuthibitisha kumbukumbu. Ukurasa wa kwanza. Hakuna marekebisho. Ukurasa wa pili — Magodoro anataka neno "alicheka" liondolewe. Halikuwemo! Nililigeuza mwenyewe. Wanatafuta. Halipo. Wanaendelea.

Nauvuta mfuko karibu na mguu.

Karani hainui mkono. Hakuna kanuni inayokataza, nimezisoma zote jana, mara mbili. Haikuandikwa kwa sababu hakuna aliyefikiria kwamba kiti kitainua mkono.

Ukurasa wa tatu. Hakuna.

Nikianza na hesabu, watauliza nani. Nikianza na Baba, wataacha kusikiliza hesabu. Nianze na nini? Nianze na wino.

Ukurasa wa nne.

Mkono wangu wa kulia uko juu. Naandika kwa wa kushoto, herufi zinapanda mlima kama za Baba. Mwenyekiti hajaona, macho yako kwenye karatasi. Ukurasa wa nne, hakuna? Karani Mkuu ameona. Anatikisa kichwa, polepole, hapana, hapana. Mkono ni mzito mno. Baba aliwezaje kuuweka wake juu vile? Mkunga amevua miwani, ananitazama mimi, anamgusa Mama Kengele kiwiko. Kengele iko mkononi mwake, haijalia bado. Mheshimiwa mwenyekiti, anasema Mkunga, huyu binti ana neno. Naweka kalamu chini.